Nusu ya Farasi na Watoto wa Bahati

Normandi, Ufaransa
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama, shikamoo nyingi kutoka kwenye baridi hii isiyojua huruma. Magoti yanasemaje? Usinijibu "ni mazima" kama unavyojibu kwenye simu. Najua ukipanda kile kilima cha kanisani unasimama mara mbili, ukijifanya unasalimia watu. Na ng'ombe wa Kanzenze amekwisha kuzaa? Viazi vimepata mvua, au mawingu yanaishia kule kwenye volkano kama mwaka jana? Mimi mwili ni mzima, nakula, navaa soksi mbili mbili kama ulivyoniagiza. Moyo ndio umechafuka.

Utashangaa kwa nini nimekuandikia wakati simu ipo. Mama, simu yako ni redio ya mtaa mzima. Moïse huiwekea kipaza sauti kabla hujasema haloo, Neema anasogea, jirani anasimama mlangoni na beseni lake kama vile ameitwa. Na haya ninayotaka kukuambia yanawahusu hao watoto wawili hasa. Kwa hiyo nimerudi kwenye karatasi, na kwa Kiswahili, kile ulichojifunzia kusoma tulipokuwa wakimbizi Karagwe, ili usome mwenyewe polepole bila kumpa mtu akusomee. Atakuletea dada mmoja wa parokia yetu anayekuja Gisenyi kwenye arusi ya mdogo wake. Mpe chai, mpe na maandazi, ila usimhoji. Hajui kitu.

Farasi wetu Munezero ameumia mguu. Nimeona niliseme mapema ili usisome barua yote ukilitafuta.

Unakumbuka ulivyonicheka siku niliyokuambia nataka kununua farasi. "Farasi! Anakamuliwa?" Nikasema hakamuliwi. "Analiwa?" Nikasema wako wanaomla, lakini si sisi. "Basi wa nini?" Nikakueleza kwamba huku kuna mbio ambazo farasi hapandwi mgongoni. Anakokota kigari chepesi cha magurudumu mawili, mwendeshaji ameketi nyuma kashika hatamu, na farasi anatakiwa aende mwendo wa kupishanisha miguu tu, hata awe na haraka kiasi gani. Akipiga shoti anatolewa mbioni. Ukasema, "Yewe, kumbe huko Ulaya mtu anaadhibiwa kwa kuharakisha?" Nililiandika neno lako hilo gazetini, mama, na wasomaji walilipenda kuliko yangu yote.

Na baada ya kunicheka hivyo, ukaenda ukamuuza yule mtamba aliyeachwa na marehemu baba, ukaniambia, "Kanunue hiyo ng'ombe yako ya mbio." Mimi na Bahati tukaungana tukamnunua Munezero akiwa bado mtoto, miguu mirefu mpaka anajikwaa nayo. Nusu yake Bahati, nusu yetu. Nasikia tangu siku hiyo ukiulizwa habari za mifugo unajibu kwamba una ng'ombe mmoja Kanzenze na mwingine Ulaya. Usikatae, kaka ameniambia.

Bahati hujawahi kumwona kwa sura, unamjua kwa watoto wake na kwa sauti ya simu. Ni mtu wa Goma, hapo ng'ambo ya mpaka wenu, wa mtaa wa Birere, dereva wa lori la kubebea farasi kwenda viwanjani. Siku ya kwanza nilimsikia nyuma ya zizi akimgombeza farasi mmoja mkaidi kwa Kiswahili: "We, ingia! Unazani mi niko baba yako?" Nikacheka hadi nikakaa chini kwenye nyasi. Katika nchi hii yote ndiye mtu pekee ninayeweza kubishana naye bila kutafuta maneno. Alipofiwa na mke, na mambo ya Goma yalipoharibika, alinijia akilia kama mtoto, nami nikakupigia wewe. Hukuuliza dini yao wala hukuuliza watakaa kwako hadi lini. Ulikwenda mwenyewe hadi mpakani ukawashika mikono, Neema huku na Moïse huku. Bahati hawezi kulitaja jina lako bila kuvua kofia, au tuseme hakuweza, hadi juzi.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Asubuhi nafanya kazi kwenye mazizi ya mzee Lucien, ndiye mkufunzi wa Munezero. Mchana naandika habari za mbio kwenye gazeti dogo la kila wiki, ile kazi unayoiita "ya kukaa". Mhariri wangu ni mwanamke mkali na ana sharti moja: nikiandika habari za Munezero, lazima chini ya makala niseme kwamba mwandishi anamiliki nusu ya farasi huyu. Sharti zuri, nami sijaliruka hata mara moja. Lakini sharti hilo lilinibana mkono wa kushoto tu. Ule unaoandika ulibaki huru.

Munezero aliposhinda mara ya kwanza, sikuweza kuandika kama wanavyoandika wengine, kwamba farasi fulani alitoka nafasi fulani akamaliza mbele ya fulani. Nilimsifu kama baba alivyokuwa akizisifu ng'ombe zake jioni zinaporudi. Niliandika: "Munezero, binti wa vumbi jekundu, asiyeombwa kupisha, anayewaacha wenzake wakiulizana njia, ambaye miguu yake haijawahi kujua jiwe." Nililia nikiandika, mama, maana nilikuwa nasikia sauti ya baba kabisa.

Kwetu hakuna ambaye angekosea kuyaelewa maneno hayo. Baba alimsifu ng'ombe wake Bihogo kwamba pembe zake zinakwaruza mawingu, na Bihogo alikuwa na pembe moja! Wageni waliokaa pale walipiga makofi, hakuna aliyenyanyuka kwenda kuhesabu. Ni heshima kwa mnyama, ni utamu wa mdomo. Lakini wazungu hawa walisoma sifa zangu kama karatasi ya daktari. Wakaanza kuja kwenye uzio wanamwita kwa jina, "Munezeró! Munezeró!", ulimi unawapinda. Wapo waliokata makala wakaiweka kwenye pochi. Mimi nikavimba kichwa, nikaandika tena, na tena nikamsifu miguu.

Halafu asubuhi moja mwezi uliopita, nikimfuta tope mguu wa mbele wa kushoto, nikasikia joto chini ya kiganja. Munezero akageuza kichwa akaniangalia. Mzee Lucien akaja akapapasa, akaenda moja kwa moja kupiga simu. Daktari wa mifugo alikuja na mashine yake akasema kano imechanika. Apumzike, atembezwe tu. Kukimbia tena, hakuahidi. Kuzaa anaweza, alisema hana kasoro yoyote huko.

Mambo yangekuwa mepesi kama isingekuwa mnunuzi. Kulikuwa na mzee mmoja wa kusini mwa nchi ambaye tangu majira ya joto alikuwa akimtaka Munezero, na tulikwisha kumwambia aje amwone. Sehemu ya Bahati ingetosha kumaliza mambo ya kuwaleta watoto, karatasi na safari na nyumba yenye chumba chao, kwa maana wakubwa wa huku hawakuruhusu uwalete watoto ulale nao kwenye chumba cha mazizini. Amekuwa akiingoja siku hiyo tangu ulipowapokea.

Aliniita kwenye chumba tunachotundika hatamu, akafunga mlango.

"Bon, Vestine," akasema, "ule muzee anakuya siku ya ine. Muguu haivimbe sana. Tukiiweka maji ya baridi, hatajua."

"Atakuja na daktari wake."

"Hatakuya na daktari. Iko na gazeti yako tu. Anasoma we, anaamini we. Mi siko nakuomba useme bongo, umudanganye. Niko nakuomba unyamaze, basi. Mara moja tu, juu ya batoto."

"Na akigundua baadaye?"

"Wakati atagundua, batoto yangu itakuwa iko hapa. Atanichapa? Anichape."

Nikamuuliza mzee Lucien anasemaje. Akasema wenye farasi ni ninyi wawili, yeye atajibu atakachoulizwa, asichoulizwa hatakijibu. Basi likabaki kwangu.

Mama, nataka uujue ukweli usije ukanisifia bure. Niliamua kunyamaza. Nilimwambia Bahati, "Sawa, sitafungua mdomo," na akanishika mikono yote miwili. Nilijiambia kwamba Neema ana umri wa kumhitaji baba, kwamba Moïse anaanza kumsahau, kwamba yule mzee ni tajiri na ana farasi wengine. Hata sasa nikiyasema maneno hayo siyaoni kuwa mabaya.

Mzee akaja. Alikuwa peke yake, kofia mkononi, mtu wa kutembea polepole kama wewe. Hakumtazama Munezero kwanza, alinitazama mimi. Akatoa kwenye koti makala yangu imekunjwa imechakaa, na mstari mmoja ameuchora chini kwa kalamu. Akaweka kidole pale. "Bibi," akasema, "uliandika kwamba miguu yake haijawahi kujua jiwe. Bado ni hivyo?"

Angemuuliza Lucien, ningenyamaza. Angemuuliza Bahati, ningetazama pembeni hadi amalize uongo wake. Lakini aliniuliza mimi, na aliniuliza kwa maneno ya baba! Maneno ambayo baba aliyasema bila kumdanganya mtu hata siku moja, na mimi niliyaleta huku nikayaweka mahali ambapo yanageuka uongo. Nilitaka kumweleza habari za Bihogo na pembe yake, lakini pale hapakuwa mahali pake. Nikasema, "Hapana. Anaumwa mguu wa kushoto wa mbele. Kano."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alikunja karatasi yake, akanishukuru, akampapasa Munezero shingoni, akarudi kwenye gari lake.

Bahati alikuwa amesimama palepale ameshika kamba ya Munezero. Gari lilipotoka langoni ndipo akasema, "Umeuzisha batoto yangu, Vestine." Akasema tena, kwa sauti ndogo, "Juu ya nini? Juu ya jina yako kwenye gazeti?"

Na mimi, badala ya kunyamaza, kwa maana hapo ndipo palikuwa mahali pa kunyamaza, nikamwita mwizi. Mbele ya mzee Lucien na mbele ya wafanyakazi, kwa Kifaransa, ili kila mtu asikie. Hasira zangu unazijua, zinafika kabla yangu. Bahati ameishi nchi hii miaka mingi akiogopa neno hilo moja kutoka kwa wengine, na likatoka kwangu.

Akaifunga kamba kwenye uzio vizuri, taratibu. "Bon," akasema. "Batoto yangu habatakula tena kwa mukono ya mama yako. Nitabarudisha Goma kwa nyanya yao. Kule njaa iko, lakini hakuna mutu anatuita bezi."

Nilidhani ni hasira, itapoa. Haikupoa. Mzee Lucien ameniambia amemsikia akizungumza na mama yake kwenye simu, akimwagiza avuke mpakani aje awachukue. Mama, unajua vizuri kuliko mimi hali ilivyo upande ule, wewe unawaona wanaovuka kila asubuhi na nyuso zao. Bibi yao ni mzee na anakaa peke yake. Shule ya Moïse kule haijulikani kama inafundisha. Naogopa. Nakuambia wazi, naogopa kuliko siku yoyote tangu nilipofika huku.

Gazetini nimekwisha kuandika kwamba Munezero ameumia na hatakimbia. Mistari michache, haina sifa hata moja. Mhariri alinisifu. Nilitoka ofisini kwake nikalia kwenye kituo cha basi.

Sasa ninachokuomba ni hiki.

Mama yake Bahati akija, usimpokee kama mtu anayekuja kuchukua. Mpokee kama mgeni wako. Mpe maji ya kuoga, mpe dagaa wa sambaza na ugali wa muhogo, mwache apumzike, maongezi yaje baadaye. Usimweleze kwamba mwanawe amekosea. Hajakosea peke yake. Mwambie mimi nilimtukana mwanawe, na kwamba namwomba radhi mbele ya watu, kwa kuwa nilimtukana mbele ya watu.

Na kisha, mama, kama utakubali, umgabire Neema nusu yetu ya Munezero, umpe kama ng'ombe wa undugu kati ya nyumba na nyumba. Si mimi ninayeweza kumpa. Ilinunuliwa kwa mtamba wa baba, kwa hiyo ni mali ya nyumba yako na neno ni lako. Waite majirani wawili watatu washuhudie. Sema kama inavyosemwa ng'ombe anapotolewa, jina la mnyama, rangi yake, alikotoka, na kwamba uzao wake ni wa Neema na ndugu yake. Bahati amekulia Birere katikati ya pikipiki, hatajua uzito wake. Lakini mama yake amekulia Masisi, kwenye ng'ombe. Yeye atajua kwamba nyumba iliyokupa ng'ombe huwezi kuiita adui, na huwezi kuwatoa watoto wako humo kwa kisirani. Atamweleza mwanawe kwa lugha yao.

Najua utakachoniambia: "Vestine, mtu hapewi mnyama kilema." Nimelifikiria. Bibi yule anaweza kuliona ni tusi la pili juu ya la kwanza, kwamba tulipomwona farasi hafai tukamtupia wao. Ndiyo maana siwezi kumwandikia Bahati jambo hili mwenyewe. Mwambie bibi ukweli wote, mguu na kano na daktari, usimsifie hata kidogo. Kisha mwambie kwamba mzee Lucien amekubali kumweka kwenye majani bila kinyongo, na kwamba mwakani anaweza kupandishwa akazaa. Wewe unajua kusema na mimi najua kuandika, na umeona kuandika kwangu kulikotufikisha.

Ukiona si sawa, usifanye. Wewe ndiye mwenye mali na mwenye busara, mimi niko mbali na akili yangu imechoka. Lakini kwa lolote lile, wazuie watoto. Mwombe bibi naye abaki, nyumba ina nafasi, chumba changu kipo. Apewe kitanda changu. Kama ni kulia, lia, hujui ulivyo mzuri wa kulia mbele ya watu ukitaka.

Unaweza kuniuliza kama najuta. Asubuhi nikimwona Munezero uwanjani, mguu umefungwa kitambaa, anakula nyasi zake bila kujua kwamba tumegombana kwa ajili yake, nasema nilifanya vizuri, angeuzwa angekimbizwa hadi avunjike. Jioni nikiona lori la Bahati limeegeshwa na yeye amekaa ndani peke yake anakula mkate, nasema nilikuwa na wazimu, ni mtu gani anayechagua farasi na mzee asiyemjua mbele ya watoto wawili? Niombee.

Nisalimie kaka mkubwa, mwambie asifunge duka mapema siku bibi atakapokuja, huenda ukamhitaji. Msalimie wifi na tumbo lake, Mungu amjalie ajifungue salama. Shangazi wa Nyamyumba mwambie dawa ya mgongo nimeituma kwa mkono wa huyu huyu dada, apake usiku na asiinywe. Padri msaidizi mpe salamu zangu na umwambie misa ya baba mwaka huu nitailipia, ila asimtaje farasi kwenye mahubiri kama mwaka jana.

Neema na Moïse wakumbatie kwa niaba yangu, kwa nguvu, hata kama Moïse siku hizi anajifanya mkubwa. Waambie baba yao ni mzima. Kila asubuhi namwona akipakia farasi kwenye lori, hanisalimii, na ana haki. Waambie wampende na wamtii katika kila atakalowaagiza. Ila akiwaagiza wavuke, mama, hilo moja wasimtii.

Ni mimi binti yako,
Vestine